Nani Asome, Nani Aandike

Ndugu msomaji, kila nyumba ina daftari lake. Hata nyumba isiyokuwa na karatasi wala kalamu inalo, maana mama wa nyumba hulibeba kichwani: nani anadai, nani anadaiwa, na unga uliobaki utafika siku gani. Juma hili tutazungumza juu ya daftari la namna nyingine, lile linalokaa ndani ya simu na kompyuta, ambalo watu kumi waliotengana kwa maelfu ya kilomita waweza kulifungua kwa wakati mmoja na kuandika ndani yake kwa pamoja. Wengi wetu twalitumia. Wachache tumepata kujiuliza ni nani kati ya hao kumi mwenye ruhusa ya kusoma tu, ni nani mwenye ruhusa ya kuandika, na ni nani awezaye kulifuta lote. Swali hilo nusura livunje udugu wa nyumba moja ya Rumonge, na kisa chake ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Rumonge ni mji wa bandari na wa soko nchini Burundi, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara ya taifa namba 3 inayofuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kuelekea Nyanza-Lac. Tangu mgawanyo mpya wa mikoa wa mwaka 2025 umo katika mkoa wa Burunga. Ni mji wa michikichi na mawese, wa ndagala na mikeke, na Kiswahili chasikika humo sokoni na mwaloni tangu enzi za mababu.

Maji ya ziwa yalipopanda katika miaka ya 2020 na 2021, yakaingia katika nyumba nyingi za ukingoni, mama mmoja wa mji huo, mke wa askari, alishauriana na mumewe wakaazimia kujenga mahali pa juu zaidi. Wakati huo mume alikuwa Somalia katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika, ambako askari wa Burundi walianza kupelekwa mwezi Desemba 2007. Basi fedha zilitoka kwa mume, mke akazipokea, na mdogo wake mume akasimamia kazi: kununua matofali, mchanga na saruji, na kuwalipa mafundi. Mpwa wao, kijana aliyekuwa akisoma Bujumbura, akajitolea kuwatengenezea jedwali la hesabu katika Google ili kila mmoja alione popote alipo.

Kijana yule alifanya kwa nia njema, lakini alifanya kwa haraka. Badala ya kuwaalika watu watatu kwa majina yao, alichagua ile njia nyepesi isemayo kwamba yeyote mwenye kiungo aweza kuhariri. Kisha akakituma kiungo hicho katika kundi la ukoo la WhatsApp, lililokuwa na watu zaidi ya arobaini: mashangazi, wajomba, wakwe, na watoto wanaochezea simu za wazazi wao.

Miezi miwili mambo yalikwenda sawa. Siku moja mdogo mtu akaandika kwamba mifuko 80 ya saruji imenunuliwa kwa ajili ya msingi. Msingi ukamwagwa, saruji ikaingia ardhini. Majuma mawili baadaye mume alifungua daftari, akakuta imeandikwa mifuko 50, hali fedha alizotuma zilikuwa za mifuko 80. Saruji iliyokwisha kuingia ardhini haihesabiwi tena, na ile karatasi ya duka ilikuwa imelowa mvua hata haikusomeka.

Mume akampigia mkewe simu usiku. “Mama watoto,” alisema, “mifuko 30 imekwenda wapi?” Mke hakuwa na jibu. Kulipokucha alimuuliza shemeji yake kwa upole, naye akajibu: “Shemeji, mimi niliandika 80. Ikiwa kaka haniamini, na atafute mtu mwingine wa kumsimamishia nyumba.” Akaweka ufunguo wa stoo mezani, akaenda zake. Tangu siku ile hakukanyaga pale, wala hakula chakula cha nyumba ile. Ujenzi ukasimama. Mvua ziliunyeshea msingi mtupu, na jirani wakaanza kuuliza.

Nitarudi kwenye mwisho wa kisa hiki. Kwanza tuelewe kosa lilikuwa wapi, maana halikuwa katika moyo wa mtu yeyote kati ya hao watatu.

Mfano mzuri wa kueleza jambo hili upo mwaloni. Wavuvi wa taa hutoka usiku usio na mbalamwezi, na alfajiri vyombo hurudi. Ndagala inapomiminwa katika mabeseni, watu wa namna nne huwapo. Wapo wanaotazama tu: watoto, wapita njia, na mwenye kutaka kujua ziwa limetoa nini. Wapo wachuuzi, ambao hutazama na pia husema: “Beseni hili halikujaa,” “Hii imechanganyika na mchanga.” Maneno yao yasikika na huenda yakabadili jambo, lakini hawatii mkono wao katika beseni. Yupo karani anayeandika idadi. Na yupo mwenye chombo, ambaye ndiye amwekaye karani, na ndiye awezaye kumwondoa.

Daftari la kompyuta lina ngazi hizo hizo nne. Ya kwanza ni msomaji, ambaye hufungua na kutazama, wala hawezi kubadili hata nukta. Ya pili ni mtoa maoni, ambaye husoma na kuweka neno lake pembeni, na katika hati ya maandishi aweza hata kupendekeza sahihisho, ila sahihisho hilo hukaa likingoja mwenye mamlaka alikubali au alikatae. Ya tatu ni mhariri, ambaye huandika, hubadili na kufuta. Ya nne ni mwenye hati, ambaye juu ya hayo yote ndiye awezaye kuifuta hati yenyewe moja kwa moja au kuikabidhi kwa mtu mwingine. Simu nyingi za Burundi zimewekwa kwa Kifaransa, na humo utayaona maneno lecteur, commentateur, éditeur na propriétaire. Ukiyajua manne hayo, umekwisha kulielewa jambo kwa sehemu kubwa. Hati za kampuni ya Microsoft nazo zina ngazi za namna hiyo, ingawa majina yake hutofautiana kidogo.

Wazo hili si geni. Mfumo wa kompyuta uitwao Unix, ulioanza kutungwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, uliwagawa watu katika mafungu matatu, yaani mwenye faili, kundi lake, na watu wengine wote. Kila fungu likapimiwa ruhusa zake: kusoma, kuandika, au kuendesha programu. Kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi, na wale mafundi walijua kwamba palipo na mikono mingi juu ya kitu kimoja, lazima ijulikane mkono upi wafanya nini.

Ninyi mlio jeshini na polisi mwalijua jambo hili kuliko raia. Amri iliyobandikwa ubaoni husomwa na kikosi kizima, lakini mwenye kuitia sahihi ni mmoja. Askari asiyepewa ufunguo wa ghala la silaha haoni kwamba ametukanwa. Anajua kwamba siku risasi itakapopungua, hataulizwa yeye. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akirudi nyumbani huona haya kumwambia ndugu yake, “Wewe utasoma tu.” Aogopa ataonekana kwamba hamwamini, na hivyo anawafungulia wote mlango wa kuandika ili asimuudhi mtu.

Hapo ndipo penye kosa, ndugu msomaji. Ruhusa si kipimo cha mapenzi. Ruhusa ni kipimo cha kazi. Shangazi anayependwa sana, asiyekuwa na kazi ya kuandika hesabu, apewe kusoma. Fundi wa kukodi asiye na undugu nasi, ambaye kazi yake ni kuorodhesha vifaa, apewe kuandika mahali pa vifaa. Na anayepewa kidogo amelindwa pia. Kama wale watu arobaini wangalikuwa wasomaji tu, ile 80 isingalibadilika, na hakuna ambaye angalishukiwa.

Sasa nitaeleza mambo ambayo kila nyumba yenye daftari la namna hii yapasa iyafanye.

Kwanza, hati mpya iache imefungwa, uwaalike watu mmoja mmoja kwa anwani zao za barua pepe, kila mmoja kwa ngazi yake. Kiungo kilichofunguliwa kwa yeyote ni mfano wa ufunguo ulioachwa chini ya jiwe mlangoni: hujui nani ameuona, wala hujui nani amemwonyesha mwenzake. Ikiwa ni lazima kuwa na kiungo cha wazi, kiwe cha kusoma tu. Na anayeingia kwa kiungo kama hicho bila kualikwa kwa jina, aghalabu programu humwonyesha kwa umbo na jina la mnyama. Mwenye daftari ataona kwamba yupo mtu ndani, asijue ni nani.

Pili, anza na ngazi ya chini kabisa, kisha upandishe haja ikitokea. Kumpandisha mtu hufurahisha; kumteremsha huleta maneno.

Tatu, ujue kwamba mhariri kwa kawaida aweza pia kuwaalika wengine na kubadili ruhusa zao. Watu wengi hawalijui hili. Unamwamini mmoja, naye anamwamini wa pili, wa pili anamwamini wa tatu, na mwishowe daftari lako limo mikononi mwa mtu usiyemjua. Katika mipangilio ya kugawana hati pana alama inayowaruhusu wahariri kufanya hivyo. Mwenye hati aweza kuiondoa, na nashauri aiondoe.

Nne, katika jedwali la hesabu waweza kufunga baadhi ya safu ili hata wahariri wasiziguse isipokuwa yule uliyemtaja. Safu ya fedha zilizopokewa iandikwe na mama wa nyumba peke yake. Safu ya vifaa iandikwe na msimamizi peke yake. Kila mmoja na aone kazi ya mwenziwe bila kuigusa.

Tano, kumbuka kwamba kusoma nako ni mamlaka. Msomaji kwa kawaida aweza kupakua hati, kuichapa na kuinakili. Mwenye hati aweza kuizima njia hiyo, lakini hakuna awezaye kumzuia mtu kuupiga picha uso wa simu. Kwa hiyo askari asiandike katika daftari la nyumbani jina la kambi yake, idadi ya wenzake, wala tarehe ya safari. Mwezi Januari 2018 dunia iligundua kwamba ramani ya mazoezi iliyotolewa na kampuni ya Strava ilionyesha mahali pa kambi za kijeshi katika nchi mbalimbali, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia asubuhi na vifaa vya kupimia mbio. Hakuna aliyeiba kitu. Askari wale walikuwa wameruhusu kuonekana bila kufikiri.

Sita, na hili ndilo lililoiokoa nyumba ya Rumonge, pana historia ya matoleo. Katika kituo cha polisi, kurasa za daftari la matukio hazichanwi, na neno lililokosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, na aliyelikata hutia alama yake. Daftari la Google hufanya hivyo lenyewe. Hutunza sura za zamani za hati pamoja na siku, saa, na jina la aliyebadili ikiwa anajulikana, na mhariri au mwenye hati aweza kuzifungua, na hata kulirudisha daftari lilivyokuwa. Msomaji hapewi historia hiyo. Kwa hiyo nyumba iwe na mtu mwingine mmoja, zaidi ya mwenye hati, mwenye ngazi ya kuweza kuikagua.

Saba, fikirini ni nani mwenye hati. Katika kisa chetu hakuwa mume wala mke, bali yule mpwa, kwa kuwa ndiye aliyeifungua kwa anwani yake. Mhariri akiitupa hati, huondoka machoni pake tu. Lakini mwenye hati akiitupa, hukaa katika pipa la taka siku 30, kisha hupotea kwa wote. Umiliki waweza kukabidhiwa, na katika akaunti za watu binafsi anayekabidhiwa hana budi kukubali. Tena Google ina kanuni ya kufuta akaunti za watu binafsi ambazo hazikutumika kwa muda wa miaka miwili. Pana pia mpango, ulioanzishwa mwaka 2013, wa kumtaja mtu wa kuaminiwa atakayepokea hati zako ikiwa akaunti yako itanyamaza kwa muda utakaouchagua, kama vile miezi mitatu au kumi na miwili. Ni vigumu kuzungumza haya katika nyumba ya askari, na ndiyo maana nayasema. Mtu aliandika wosia wa shamba na wa chombo. Na aandike pia ni nani atakayeshika daftari.

Turudi Rumonge. Mpwa aliporejea likizo alikuta nyumba imenuna. Akaambiwa sababu. Aliketi na simu yake mbele ya shangazi yake, mke wa askari, akafungua historia ya matoleo, akarudi nyuma siku kwa siku. Hapo wakaona. Siku ya Jumanne, mdogo mtu, kwa jina lake, aliandika 80. Siku ya Ijumaa, saa tatu na robo usiku, mtu asiye na jina, aliyeingia kwa kiungo, aligusa kisanduku kile, na 8 ikawa 5. Tarakimu hizo mbili ni majirani katika vitufe vya namba. Huenda alikuwa mtoto. Huenda alikuwa mtu mzima aliyetaka kusogeza jedwali apate kusoma, kidole kikaandika. Hawakujua, na hadi leo hawajui.

Mama yule aliniambia kwamba hakushangilia. Alilia. Alikumbuka kwamba kwa muda wa miezi miwili alikuwa akipita mbele ya mlango wa shemeji yake akitazama upande mwingine.

Mume alipopata habari hakungoja kuambiwa la kufanya. Alimpigia mdogo wake simu, akasema mbele ya mama yao aliyekuwa ameketi karibu akisikiliza: “Mdogo wangu, nimekukosea. Uliandika kweli.” Yule mdogo alikaa kimya kitambo, kisha akajibu kwamba mchanga wa kuta ulikuwa haujaagizwa, na akauliza ufunguo wa stoo uko wapi. Alisamehe kwa namna hiyo.

Daftari wakalipanga upya jioni hiyo hiyo. Mpwa alimkabidhi shangazi yake umiliki. Kiungo cha wazi kikafungwa. Mume akawa mhariri, ili aweze kuikagua historia, ila safu za fedha na vifaa zikafungwa hata kwake. Mdogo mtu akawa mhariri wa safu ya vifaa peke yake, na ni yeye mwenyewe aliyeomba iwe hivyo. Mpwa akapewa kutoa maoni. Wazee wawili wa ukoo wakapewa kusoma. Wengine waliobaki, zaidi ya thelathini, waliambiwa kwamba nyumba ikiisha watakaribishwa wote kuja kuiona.

Watu wawili walinung’unika kwa kuondolewa. Mama akawajibu kwa adabu kwamba hakuna aliyeondolewa katika udugu. Walichoondolewa ni kalamu tu, na kalamu ile walikuwa hawajapata kuitumia.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kulala usiku wa leo, fungua daftari lako la pamoja, iwe ni hesabu za nyumba, za chama cha kuweka na kukopa, au za mchango wa harusi. Bonyeza mahali pa kugawana, usome orodha ya majina. Kwa kila jina jiulize: huyu ana kazi gani hapa? Jibu lake ndilo ngazi yake. Na kama utakuta mlango uko wazi kwa yeyote mwenye kiungo, ufunge leo, kabla kidole kisichojulikana hakijampa ndugu yako jina la mwizi.